MIRATHI TUNAYOWAFICHA MABINTI ZETU

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo tutasema jambo ambalo wengi wetu hapa Nyamirambo hatupendi lisemwe. Tunajua wapo watakaokasirika. Tunawaomba wasome mpaka mwisho kwanza, kisha wakasirike.

Tulikuwa darasani katika somo la mirathi. Ubaoni tumeandika mafungu kama yalivyokuja katika Suratun-Nisaa: mke ana thumni mume akiacha watoto, mama ana sudusi, mtoto wa kiume ana fungu la mabinti wawili. Binti mmoja wa miaka 16 akanyoosha mkono akauliza: "Ustadh, na maradhi nayo yana mafungu?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya darasa akatueleza. Mama yake alifariki akiwa na miaka 38. Nyumbani aliambiwa ni tumbo. Miaka ikapita, siku ya hitma ya mtu mwingine, akiwa jikoni anaosha sahani, akawasikia wanawake wakinong'ona kuwa marehemu mama yake alikufa kwa titi "kama dada yake". Akamuuliza bibi yake. Bibi akamwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Ndipo akaja kwetu.

Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia awe na subira na amwombee mama yake dua. Dua ni haki ya mzazi, hatuirudishi nyuma. Lakini tunakiri mbele yenu kwamba jibu lile lilikuwa la kukwepa. Binti aliuliza swali la ilimu akajibiwa kama mtoto anayetaka kunyamazishwa. Makala haya ni deni lake. (Tumeandika kwa idhini yake na ya walezi wake, na baadhi ya mambo tumeyageuza ili asijulikane.)

NDIYO, YAPO MARADHI YANAYORITHIWA

Tuanze na ilimu, maana ugomvi usio na ilimu ni kelele tu.

Kila mwanadamu ameumbwa kwa seli, na ndani ya seli Allah ameweka maagizo ya mwili tunayoyaita jeni. Nusu tumepata kwa baba, nusu kwa mama. Baadhi ya jeni kazi yake ni kurekebisha makosa yanayotokea seli zinapogawanyika. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu tangu kuzaliwa, makosa hujilundika, na saratani hupata njia kwa urahisi zaidi.

Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kuwa katika familia zenye saratani nyingi za matiti kuna jeni mahali maalumu inayohusika. Jeni hiyo ikaitwa BRCA1, na mwaka 1994 ikapatikana yenyewe. Mwaka uliofuata ikapatikana ya pili, BRCA2. Mwanamke mwenye hitilafu katika mojawapo ya hizi mbili hatari yake ni kubwa: tafiti kubwa zimeonyesha kuwa takriban 7 kati ya 10 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda.

Hapa tusitishane. Saratani nyingi za matiti hazikurithiwa. Zinazotokana na hitilafu ya kurithi ni sehemu ndogo, kwa kawaida madaktari husema asilimia 5 hadi 10. Kwa hiyo aliyekufa shangazi yake mmoja akiwa na miaka 75 asianze kujichimbia kaburi. Lakini familia iliyozika wanawake wawili au watatu, tena wakiwa bado wanazaa, hiyo ina jambo la kuulizana. Na ndiyo hiyo hiyo inayonyamaza zaidi.

"NI UGONJWA WA UPANDE WA MAMA"

Sasa tuje kwenye dhulma.

Katika mitaa yetu ugonjwa huu umepewa ukoo wa mwanamke peke yake. Mke akiugua, wakwe husema: "Kwao wanayo hayo." Posa ikija, wazee wa mume huchunguza mama wa binti alikufa na nini, khalati yake alikufa na nini. Tunaijua posa moja iliyovunjika hivyo. Wazee wa kijana walisema hawataki kuingiza ugonjwa nyumbani. Tuliokaa katika kikao kile tulijua kuwa shangazi wawili wa kijana huyo huyo, dada wa baba yake, walikufa na maradhi hayo hayo. Hakuna aliyethubutu kulitaja. Nasi tulinyamaza.

Ndugu zetu, jeni hizi hazichagui mlango wa kutokea. Mwanamume hubeba hitilafu hii kama mwanamke. Yeye mara nyingi haumwi titi, ingawa wapo wanaume wanaopata saratani ya matiti, na mwenye hitilafu ya BRCA2 hatari yake ya saratani ya tezi dume huongezeka. Anaweza kuishi mpaka uzeeni akiwa mzima, akaswali swafu ya kwanza kila alfajiri, na akawa amewarithisha mabinti zake jambo asilolijua.

Wanafunzi wetu wa mirathi wasikilize tofauti hii vizuri. Katika mali, mtoto wa kiume ana mafungu mawili na wa kike moja. Katika urithi huu kila mtoto, wa kiume na wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kupata hitilafu iliyo kwa mzazi wake. Na asiyeipata hawezi kuwarithisha watoto wake hitilafu hiyo. Basi anayeuliza habari za mama na khalati akaacha za shangazi na bibi mzaa baba, amehesabu nusu ya warithi. Mwanafunzi akituletea hesabu ya namna hiyo darasani tunampa sifuri.

Ajabu yetu ni hii: sisi Waislamu tunajivunia kuhifadhi nasaba. Mzee wa hapa atakutajia baba, babu na baba wa babu, huyu alikuja kutoka Kasongo, yule Ujiji, mwingine asili yake Oman, mwingine mzaliwa wa hapa hapa Rwanda. Muulize sasa dada wa babu alikufa na nini. Hajui, au anajua na hasemi.

WANAWAKE WA KIAFRIKA WALIACHWA NYUMA

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya wazungu. Neno hili lina historia, na lawama si yetu peke yetu.

Kwa miaka mingi watafiti walichunguza jeni za watu wenye asili ya Ulaya wakatuacha. Mwaka 2019 ilipohesabiwa, katika tafiti kubwa zinazosaka uhusiano wa jeni na maradhi, asilimia 78 ya walioshiriki walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2. Hata ile hesabu ya 7 kati ya 10 tuliyoitaja juu, msingi wake mkubwa ni familia za huko. Nayo Afrika ndiko jeni za wanadamu zina tofauti nyingi kuliko bara lolote.

Likaongezeka la pili. Kampuni moja ya Marekani, Myriad Genetics, ilijipatia hati miliki za jeni za BRCA, ikawa ndiyo yenye haki ya kuuza kipimo hicho huko, kwa zaidi ya dola 3,000. Kitu alichokiumba Allah ndani ya mwili wa mama zetu kikawekewa mwenyewe! Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba jeni ya asili, kwa kutenganishwa tu na mwili, haiwi mali ya kampuni. Bei zikaanza kushuka, lakini miaka ilikuwa imekwisha kupita.

Hata hivyo wapo waliofanya kazi. Mwaka 2018 timu aliyokuwamo Profesa Olufunmilayo Olopade, daktari mzaliwa wa Nigeria anayefundisha Chicago, ilitoa matokeo ya wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti. Asilimia 14.7, yaani karibu mmoja kati ya 7, walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni zinazojulikana kuleta saratani, na BRCA1 ilikuwa ya kwanza. Mwaka 2020 ukatoka utafiti kama huo wa wanawake wa Uganda na Kameruni, na hitilafu za BRCA1 na BRCA2 zikaonekana kwao pia. Kampala ni safari ya basi moja kutoka hapa. Nani tena atasema ni ya wazungu?

Mwaka 2024 zikaunganishwa takwimu za wanawake zaidi ya 40,000 wenye asili ya Afrika, wagonjwa na wazima, zikapatikana sehemu 12 katika maumbile zinazohusiana na saratani hii. Ni hatua. Imekuja imechelewa, lakini imekuja.

Lipo na jambo la aina ya ugonjwa. Kuna saratani ya matiti isiyo na vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi huvilenga, viwili vya homoni na kimoja cha protini iitwayo HER2. Dawa za homoni haziifai, nayo hukua haraka. Marekani, wanawake weusi huipata karibu mara mbili ya weupe. Ghana, katika utafiti mmoja uliotoka mwaka 2016, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na aina hii, lakini Ethiopia walikuwa wachache, karibu sawa na wanawake weupe wa Marekani. Tazama, Waafrika wote hao! Kwa hiyo anayesema "damu ya Mwafrika ndivyo ilivyo" naye amekosea. Hakuna damu moja ya Mwafrika. Kuna familia, na kila familia ina habari zake.

Wala jeni si kisingizio cha kila kifo. Hapa hapa Rwanda, madaktari waliwauliza wagonjwa 144 wa saratani ya matiti waliofika hospitali za Butaro na Rwinkwavu kuanzia mwishoni mwa 2012 mpaka mwanzoni mwa 2014. Nusu yao walikaa na uvimbe miezi 5 au zaidi kabla ya kwenda kuonwa. Kisha, kwa nusu yao, ikapita miezi mingine 5 au zaidi wakizungushwa katika vituo mpaka ugonjwa ujulikane. Miezi ile ya kwanza ni yetu: ya aibu, ya kunyamaza, ya kuanzia kwa mganga. Ile ya pili ni ya wenye vituo, nao wataulizwa amana yao.

WANAYOYASEMA, NA MAJIBU YETU

1. "Hii ni kadari, kuuliza hakubadilishi kitu."

Hakuna anayepinga kadari. Lakini Umar (r.a.) aliporudi njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni, Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Umar hakukaa kimya akaiita tawakkul. Alipewa habari, akashauriana na watu, akachukua hatua. Na Mtume (s.a.w.) ndiye aliyetuamrisha kujitibu. Kumnyima binti habari kisha ukasema kadari, huko ni kumsingizia Allah uzembe wako.

2. "Tunamsitiri marehemu."

Sitara ni ya dhambi na aibu. Ugonjwa si dhambi, na titi la mama aliyenyonyesha watoto sita si aibu. Marehemu ukimsitiri kwa uongo, gharama analipa bintiye. Kwenye posa nako Mtume (s.a.w.) alitufundisha: Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri juu ya waliomposa, alimwambia ukweli juu yao. Wanazuoni wakachukua hapo kuwa nasaha si usengenyaji. Basi kama nasaha inafaa kwa mtu wa mbali, binti wa tumboni mwako si zaidi?

Hatusemi mtu akatangaze barazani. Tunasema wajue wenye haki ya kujua: mabinti, dada, wana wa kiume, na daktari.

3. "Ni husuda, ni jini, asomewe kwanza."

Asomewe. Ruqya ni sunna nasi tunaisoma. Lakini anayesoma akamwambia mgonjwa asiende hospitali, au amalize kwanza siku 40 za kombe, huyo anacheza na roho ya mtu. Tunawaambia wenzetu wa kazi hii bila kuzunguka: msomee leo, na kesho asubuhi mpeleke wewe mwenyewe kituo cha afya.

4. "Akijulikana hataolewa."

Hofu hii ni ya kweli, tumeieleza habari ya posa iliyovunjika. Lakini aliyeileta hofu ni nani? Ni sisi wazee wa vikao. Binti hana kosa kwa urithi ambao hakuuchagua, na kuwa na hatari si kuwa mgonjwa. Dawa ya dhulma hii ni kuwaaibisha wanaodhulumu. Kumficha anayedhulumiwa habari za mwili wake ni kumwongezea dhulma ya pili. Na kijana anayemwacha mchumba kwa sababu hii, kwanza aende akaulize shangazi zake.

MAYATIMA

Tunafundisha kila mwaka thawabu za kumlea yatima. Tunachanga, tunanunua sare, tunapiga picha. Basi sikilizeni hesabu hii. Utafiti mmoja ulifuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, walioandikishwa kati ya 2014 na 2017. Ndani ya miaka mitatu karibu nusu walikuwa wamefariki. Na kwa kila wanawake 100 waliokufa kabla ya kufika miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama.

Kumlea yatima ni jambo kubwa. Kumzuia asiwe yatima nako si jambo dogo, na mara nyingine kunahitaji neno moja tu la bibi.

TUFANYE NINI

Kipimo cha jeni ni ghali na wengi wetu hatutakifikia leo. Lakini daktari yeyote, Kigali au Chicago, swali lake la kwanza ni hili: nani kwenu ameugua, na akiwa na umri gani? Jibu lake halinunuliwi.

Kwa hiyo tunazitaka familia zifanye haya:

- Kaeni na wazee, pande zote mbili, ya mama na ya baba. Andikeni jina, ugonjwa, na umri alipougua. Saratani ya matiti, ya ovari na ya tezi dume zote ziandikwe, na mwanamume aliyeugua titi asiachwe.

- Wakiwa wawili au zaidi upande mmoja, au hata mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, mpelekee daktari karatasi hiyo. Wanawake wa familia hiyo huanza kuchunguzwa mapema kuliko wengine. Daktari atasema lini na kwa kipimo gani.

- Uvimbe usiouma si salama kwa kuwa hauumi. Ngozi inayokunjamana, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, tezi kwapani, yote hayo ni ya kwenda kuonwa. Anayenyonyesha asiambiwe "ni maziwa tu" miezi mitatu.

- Waume, msisubiri mke aombe ruhusa na nauli. Mpeleke. Hospitali ya Butaro kule Burera imekuwa na kituo cha saratani tangu 2012, na tiba ya mionzi ambayo zamani watu waliifuata nje ya nchi imekuwa ikipatikana Kigali tangu 2019. Mtu wa leo hana udhuru wa miaka 20 iliyopita.

- Maimamu na walimu, tukiwemo sisi, tuseme neno "titi" kwa heshima na bila kuona haya. Vitabu vyetu vya fiqhi vinataja hedhi, nifasi na janaba mbele ya wanafunzi. Haya gani iliyobaki?

Tumalizie na yule binti. Tulirudi kwa bibi yake, tukaenda na mama wa nyumbani kwetu ili mazungumzo yawe ya wanawake. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akalia, akaanza kutaja. Alitaja wanne: binti zake wawili, dada yake, na mama yake mzazi. Wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa habari za aliyemtangulia. Yupo khalati wa binti huyo, ana miaka 34 na watoto watatu, alikuwa pale akisikia kwa mara ya kwanza. Wiki ile ile alikwenda kuonwa. Binti mwenyewe aliambiwa umri wake bado mdogo, aihifadhi karatasi ile na arudi nayo akiwa mtu mzima. Ameiweka ndani ya daftari la mirathi.

Basi swali lake tunalijibu sasa, kwa kuchelewa: Ndiyo, binti yetu. Maradhi nayo yana mafungu, na ilikuwa haki yako kuambiwa.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, warehemu mama zetu waliotangulia, na uzifungue ndimi za wazee wetu kwa yenye kheri. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.